Picha ya Jicho: Tuanze na Aliyemsindikiza Mgonjwa

Mjomba wangu ni fundi cherehani. Katika miaka ya mwisho kabla hatujajua kilichokuwa kikimpata, alikuwa bado anapitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa mara moja, miwani ya kusomea ikiwa puani, na jioni hiyohiyo akitoka kibandani anajigonga bega kwenye fremu ya mlango alioupita kwa zaidi ya miaka 20. Watoto walicheka, wakubwa tukasema ni uchovu. Alipoanza kuwapita watu sokoni bila kuwasalimia, wapo waliosema ameingiwa na maringo. Alikwenda mara mbili kwenye maduka ya miwani, akasomeshwa herufi za ukutani, akazisoma hadi mstari wa chini, akauziwa miwani mpya. Siku alipofikishwa kwa daktari bingwa wa macho, jicho lake la kushoto lilikuwa limebakiwa na mwanya mdogo wa kuonea katikati, na la kulia lilikuwa limeshika njia ileile.

Ugonjwa huo kitaalamu unaitwa glakoma. Kwetu, kuanzia kwenye benchi la kliniki hadi redioni, unaitwa presha ya macho, na nadhani jina hili limetuponza. Wengi hudhani ni tawi la presha ya damu, kwamba anayemeza dawa za presha amekwisha kujikinga na asiye na presha hahusiki. Zito zaidi ni kwamba jina hilo humfanya mgonjwa, na mara nyingine hata mhudumu, aamini kuwa ugonjwa wote ni ile namba inayosomwa kwenye kipimo cha msukumo wa maji ya jicho, na kwamba namba ikiwa nzuri basi jicho ni zima. Msukumo wa kawaida huhesabiwa kuwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Hata hivyo, katika utafiti mkubwa uliofanywa Baltimore, Marekani, na matokeo yake kutolewa mwaka 1991, takriban nusu ya waliokutwa na glakoma walikuwa na msukumo ulio ndani ya mipaka hiyo siku walipopimwa. Msukumo hupanda na kushuka kutwa nzima. Isitoshe, kioo cha mbele cha jicho kikiwa chembamba kipimo husoma chini ya ilivyo, na watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wana kioo chembamba kuliko Wazungu. Mtu anaweza basi kupimwa presha ya macho kwenye kambi ya bure, akapewa namba nzuri, akarudi nyumbani akiwa na amani isiyo na msingi.

Kinachougua hasa ni mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Ndani yake zimo nyuzi takriban milioni moja, na glakoma huziua kidogo kidogo kwa miaka, mara nyingi ikianza na zile zinazoleta habari za pembeni na kuacha za katikati hadi mwisho. Ndiyo maana fundi huona tundu la sindano lakini haoni fremu ya mlango, na ndiyo maana ubao wa herufi hautamkamata. Wala mgonjwa haoni giza mahali palipokufa. Ubongo hujaza pengo kwa kukisia, kwa hiyo yeye huona dunia nzima isiyo na kasoro, ila ina watu wanaojitokeza ghafla ubavuni. Uzi ukishakufa hauoti tena. Matibabu yote tuliyo nayo leo hulinda zilizobaki tu, na kwa sababu hiyo tarehe ya kugundulika ina uzito kuliko dawa yoyote.

Jicho lina fadhila moja ambayo viungo vingine havina: kichwa cha mshipa huo wa fahamu kinaonekana kutoka nje, kupitia mboni, bila kupasua chochote. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikitangaza chombo cha kukitazamia mwaka 1851, na tangu hapo madaktari wamekuwa wakichungulia. Kuchungulia huko, hata hivyo, ni ujuzi wa mtu mmoja kwa dakika chache, na alichokiona hubaki kichwani mwake au kwenye mchoro mdogo katika faili. Kamera ya retina, yaani ya kupiga picha utando wa nyuma ya jicho, imebadilisha hilo. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kupiga picha asubuhi, na daktari aliye mkoa mwingine akaisoma jioni, akailinganisha na ya miaka mitatu iliyopita.

Nilioneshwa picha ya jicho la mjomba kwenye skrini ya kompyuta. Uwanja wote ulikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, mishipa ya damu imetambaa juu yake kama mizizi, na upande mmoja palikuwa na duara la rangi ya krimu ambalo kwenye skrini lilitosha kiganja, ingawa ndani ya jicho lina upana wa milimita moja na nusu hivi. Katikati ya duara hilo kuna shimo lililopauka, ambalo wataalamu huliita kikombe. Kila mtu ana kikombe. Kwa wengi wenye macho mazima huchukua sehemu ndogo tu ya duara, na ukingo wa rangi ya waridi unaokizunguka ndizo nyuzi zenyewe zikiwa zinaingia kwenye mshipa. Kwa mjomba, kikombe kilikuwa kimekula karibu ukingo wote. Mishipa ya damu ilipofika kando ilipinda ghafla na kuzama. Daktari aliweka ncha ya kalamu upande wa chini wa duara, akasema, “Hapa palitakiwa pawe na nyama.” Mama yangu, ambaye ndiye aliyemsindikiza kaka yake siku hiyo na ndiye aliyelishika faili, alisogea akatazama. Alikuwa na miaka 57. Kamera ilikuwa hatua tatu kutoka mahali alipokaa, na hakuna aliyemwambia aweke kidevu chake pale. Nitarudi kwenye hatua hizo tatu.

Tunajua ukubwa wa tatizo hili hapa kwetu kwa ushahidi, si kwa kukisia. Kongwa, mkoani Dodoma, wilaya inayofahamika kwa watafiti wa macho hasa kwa sababu ya trakoma, watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walichunguzwa vijijini mwao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yakaonesha kuwa asilimia 4.16 kati yao walikuwa na glakoma. Makadirio ya dunia nzima yaliyotolewa mwaka 2014 yaliliweka bara la Afrika juu kuliko mengine kwa aina ya glakoma iliyo ya kawaida zaidi, kwa kiwango kinachozidi kidogo asilimia 4 ya watu wa miaka 40 hadi 80, na yakatabiri kuwa wagonjwa wote duniani wangefika milioni 76 mwaka 2020 na karibu milioni 112 mwaka 2040. Mtoto wa jicho bado anaongoza kwa kupofusha watu, lakini mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena. Katika upofu usiorudi nyuma, glakoma ndiyo ya kwanza.

Pia tunajua kuwa picha nzuri zinaweza kupigwa katika mazingira yetu. Nakuru, nchini Kenya, kundi la watafiti likiongozwa na daktari Andrew Bastawrous lilijaribu kifaa kinachobandikwa kwenye simu, kiitwacho Peek Retina, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Watu wasio na mafunzo ya kitabibu walipiga picha za kichwa cha mshipa wa fahamu, na wasomaji wa mbali waliozipima wakaona zinalingana vya kutosha na zile zilizopigwa kwa kamera kubwa ya mezani. Kwangu hii ni habari kubwa, kwa sababu kikwazo cha zamani kilikuwa kwamba jicho hutazamwa na daktari bingwa tu, na daktari bingwa yuko mjini.

Mbali na kamera kuna mashine ya OCT, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts, Marekani. Hufanya kazi kwa kanuni inayokaribiana na ile ya ultrasaundi, ila badala ya sauti hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na hupima unene wa tabaka la nyuzi kwa mikromita, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Mara nyingi huona upungufu kabla mgonjwa hajapoteza uoni unaoweza kupimwa. Matokeo hutoka kwa rangi: kijani ni salama, njano ni mpakani, nyekundu ni nje ya kawaida. Ni mashine ninayoiheshimu, lakini hiyo “kawaida” ni ya watu ambao mtengenezaji aliwapima, na katika kumbukumbu hizo za vipimo Mwafrika wa bara hili amekuwa mgeni. Vichwa vya mshipa wa fahamu kwa watu wenye asili ya Afrika huwa vikubwa zaidi kwa wastani, na kichwa kikubwa huja na kikombe kikubwa hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Mashine isiyolijua hilo itamtia hofu mzima.

Shida hiyohiyo imeifuata akili mnemba. Mwaka 2018 watafiti wa China walitangaza programu iliyofundishwa na kujaribiwa kwa picha 48,116, iliyoweza kuwanasa watu 95.6 katika kila 100 wenye dalili za glakoma katika picha zao, na kuwaachia 92 katika kila 100 wasio nazo. Ni ufanisi wa kusifiwa. Watafiti hao, kwa uungwana, waliandika pia mahali programu ilipokosea: baadhi ya iliowashuku bure walikuwa watu waliozaliwa na vikombe vikubwa, na baadhi iliowakosa walikuwa na maradhi mengine ya jicho yaliyouficha ugonjwa. Ukiileta programu ya namna hiyo Dodoma au Kisii bila kuipima upya kwa macho ya huko, unaipeleka mahali ambapo sababu zote mbili za kukosea ni nyingi. Wazee wetu wana vikombe vikubwa, na wengi wana mtoto wa jicho ambaye huifanya picha iwe ukungu mtupu. Google walipoipeleka programu yao ya kusoma macho ya wagonjwa wa kisukari katika kliniki za Thailand, taarifa yao wenyewe ya mwaka 2020 ilisema kuwa zaidi ya picha moja katika kila tano ilikataliwa na mashine kwa kutokuwa safi ya kutosha. Huko ni Thailand, penye umeme wa uhakika na wauguzi waliokwisha kuzoea kamera.

Tufanye sasa hesabu ambayo mara chache hufanywa hadharani kamera zinapokabidhiwa. Tuchukue mfumo wa picha unaowanasa wagonjwa 90 katika kila 100, na kuwaachia wazima 90 katika kila 100, jambo ambalo katika mazingira ya kambi ni zuri sana. Tuwaite uwanjani watu 1,000 waliotimiza miaka 40. Kwa kiwango cha Kongwa, wagonjwa miongoni mwao ni kama 40. Mfumo utawanasa 36 na kuwakosa 4, ambao watarudi nyumbani wakiwa wameambiwa wako salama. Katika wazima 960 utawashuku 96. Watu 132 watapewa barua ya rufaa, wapande basi kwenda hospitali ya mkoa au ya kanda, walale kwa jamaa, wapange foleni, na 96 kati yao, karibu robo tatu, wataambiwa hawana kitu. Mkulima aliyeuza debe la mahindi kwa ajili ya nauli akarudi na habari hiyo hatasema mashine ilijitahidi. Atasema kambi za macho zinasumbua watu, na jirani yake aliye mgonjwa wa kweli atamsikia.

Hesabu ya namna hii ni sehemu ya sababu inayowafanya wataalamu wa nchi tajiri kusita. Jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga lilisema mwaka 2013, likarudia mwaka 2022, kwamba ushahidi uliopo hautoshi kupendekeza au kukataza kuwachunguza watu wazima wote wasio na dalili. Sidhani kauli hiyo itufunge mikono sisi, kwa kuwa ugonjwa kwetu ni mwingi zaidi na wagonjwa wetu huchelewa zaidi. Lakini ina funzo ambalo tukilipuuza tutapoteza fedha: kipimo kilekile huwa kizuri au kibaya kutegemea nani ameketi mbele yake.

Nani basi aketi mbele yake? Mjini Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwafuata ndugu na watoto wa wagonjwa wa glakoma, wakachapisha matokeo mwaka 1998. Kati ya ndugu wa tumbo moja wa wagonjwa, zaidi ya 10 katika kila 100 walikutwa na ugonjwa, ilhali kwa ndugu wa watu wasio nao idadi haikufika mmoja katika 100. Kwa hesabu ya maisha yote, jamaa wa karibu wa mgonjwa walikabiliwa na uwezekano wa asilimia 22, dhidi ya asilimia 2.3 kwa wengine. Hao ni Waholanzi, ambao kwa jumla hupata glakoma kidogo kuliko sisi, na sioni sababu ya kutegemea kuwa kwetu idadi ya ndugu wagonjwa itakuwa ndogo kuliko yao. Rudia hesabu ya uwanjani kwa ndugu 1,000 wa wagonjwa ukitumia kiwango cha 10 katika 100. Wagonjwa ni 100, mfumo utawanasa 90. Wazima ni 900, utawashuku 90. Kamera ni ileile na muuguzi ni yuleyule, lakini sasa kila wawili wanaopanda basi, mmoja wao ana ugonjwa kweli.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Kamera za retina zinazoingia katika hospitali zetu za wilaya na mikoa zisianze na mikutano ya hadhara. Zianze na ndugu wa tumbo moja wa kila mgonjwa ambaye jina lake tayari liko kwenye daftari la kliniki, na zianze siku ileile anapogundulika, kwa yule aliyemsindikiza. Mgonjwa wa glakoma kwetu haji peke yake. Amekuja na mdogo wake, dada yake au binti yake, ambaye amelipa nauli tayari, amepanga foleni tayari, na amekaa kwenye benchi hatua tatu kutoka kwenye kamera. Huyo ndiye mtu aliye rahisi kumpata kuliko wote, na hatari yake ni ya juu kuliko ya karibu mtu yeyote atakayekuja kambini. Mara nyingi tunamwacha aondoke akiwa amebeba faili la mwenzake.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo wenye kuandaa fomu wanapaswa kulizingatia. Neno ndugu kwetu ni pana: binamu ni ndugu, mtoto wa baba mdogo ni ndugu, hata jirani wa miaka mingi huitwa ndugu. Mgonjwa akiulizwa kama ana ndugu mwenye shida ya macho atajibu chochote. Aulizwe hivi: mmezaliwa wangapi kwa mama huyo, na wangapi kwa baba huyo, wako wapi, na namba ya simu ya kila mmoja ni ipi. Kisha asiachiwe mgonjwa kazi ya kuwashawishi, maana mtu aliyetoka kuambiwa kuwa uoni wake hautarudi ana mengine ya kuwaza. Muuguzi apige simu mwenyewe, jioni ileile au kesho yake, aanze na shikamoo na pole ya ugonjwa wa ndugu yao, kisha aeleze. Sauti ya mtu wa hospitali ina uzito ambao ujumbe wa kupitishiana hauna.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba wagonjwa wengi wa glakoma hawana ndugu anayejulikana kuwa nayo, na kwamba nikiwafuata ndugu tu nitawaacha walio wengi. Ni kweli. Ila hata hao wengi wanapatikana bila uwanja. Karibu kila mtu akivuka miaka 40 huanza kusogeza gazeti mbali na kutafuta miwani ya kusomea, na hapo ndipo mjomba alipopitia mara mbili bila mtu kutazama nyuma ya mboni yake. Wenye kisukari wanahitaji picha ya retina kila mwaka kwa sababu nyingine, na picha hiyohiyo ina kichwa cha mshipa wa fahamu ndani yake, kikisubiri tu msomaji akitazame. Wanaokuja kutolewa mtoto wa jicho watachunguzwa macho kwa vyovyote. Njia hizo tatu, zikiongezwa kwenye ndugu, zingetupa kazi ya kutosha kwa miaka mingi.

Kazi hiyo haina maana kama mwisho wa safari hakuna tiba. Hapa nina uchungu zaidi, kwa sababu tiba ndiyo sehemu ambayo tumezoea kuisahau tunapozungumzia mashine. Matone ya timolol, dawa ya kushusha msukumo wa jicho, hutiwa kila siku, kwa kawaida mara mbili, maisha yote, kwa ajili ya ugonjwa usiouma, na hayamrudishii mgonjwa chochote anachoweza kukiona. Chupa ikiisha kabla ya mshahara, au duka la dawa la kata likiwa halina, hakuna dalili yoyote itakayomgutusha. Watu wengi huacha, na siwalaumu. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti waliwagawa wagonjwa 201 katika makundi mawili: wengine walipewa timolol, wengine walipigwa leza nyepesi kwenye kichujio cha maji ya jicho, tiba ya dakika chache ambayo mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifanikiwa katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na katika asilimia 31 tu ya yale yaliyotegemea matone. Utafiti huo umefanyika kwetu, kwa wagonjwa wetu, na wengi wao walikuwa na ugonjwa uliokwisha kuendelea. Kama serikali na wafadhili watapanga kununua kamera kumi kwa kanda moja, ningeomba wanunue saba, na fedha zilizobaki ziende kwenye leza moja na fundi wa kuitunza.

Nasema fundi kwa sababu nimeiona kamera ya retina katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, ikiwa imefunikwa kitenge safi kilichokunjwa vizuri pembeni mwa chumba. Kompyuta yake ilikuwa imekataa kuwaka tangu umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, na aliyeuza mashine hakuwa na mtu wa kumtuma. Muuguzi aliyefundishwa kuitumia alikuwa amehamishiwa wodi ya wazazi. Kitenge kile kilifuliwa mara kwa mara, ilionekana. Watu wa pale walikuwa wakiitunza kamera kwa njia pekee waliyobakiwa nayo.

Mama yangu aliijua hali ya macho yake miaka minne baada ya siku ile ya benchi. Alikuwa amekwenda kliniki ya kisukari, wakampiga picha ya retina kutafuta madhara ya sukari, hawakuyaona, lakini msomaji wa picha alikuwa makini, akaandika kuwa kikombe cha jicho la kulia ni kikubwa na ukingo wa chini umekonda, apelekwe kwa bingwa. Ilikuwa glakoma, bado changa. Amepigwa leza macho yote mawili, msukumo umeshuka, na anarudi kila baada ya miezi sita. Utafiti uliofanyika Uswidi ulionesha kuwa kila milimita moja ya msukumo inayopunguzwa hupunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa takriban asilimia 10, na mimi huikumbuka hesabu hiyo kila anaponisomea namba zake kwenye simu. Anavuka barabara peke yake. Lakini aligunduliwa kwa sababu ana kisukari na kwa sababu msomaji mmoja alitazama kitu ambacho hakuwa ametumwa kukitafuta. Asingekuwa na kisukari, hakuna aliyekuwa na mpango wa kumtafuta, ingawa jina la kaka yake lilikuwa kwenye daftari la hospitali na yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka.

Wamezaliwa sita. Baada ya mama, ilibidi sisi watoto tuifanye kazi ya kupiga simu. Wawili walikwenda kupigwa picha, mmoja macho yake ni mazima na mwingine anafuatiliwa kwa kuwa kikombe chake kina utata. Wa tatu yuko machimboni, kaahidi atakwenda akiteremka mjini. Wa mwisho, mdogo wao, ana miaka 49, ni dereva wa lori la mizigo la masafa marefu. Nimemwamkia na kumweleza mara tatu sasa, na mara zote jibu ni lilelile: anaona vizuri, anasoma kibao cha barabarani akiwa mbali, hana haja.